Arobaini huandaliwa kabla ya uchungu

Mwombe mjamzito wa miezi minane akuonyeshe alichoandaa. Atakufungulia begi lenye nguo za mtoto, nepi, kofia, soksi, shuka laini, beseni jipya, na mfuko wa vifaa vya kujifungulia alivyoelekezwa kliniki: glovu, pamba, wembe, mpira wa kutandika. Sasa muulize vitu vyake yeye, vya arobaini, yaani zile siku arobaini baada ya kujifungua, viko wapi. Wengi watakuonyesha doti mbili za kanga. Pedi zitanunuliwa hukohuko. Nani atapika wiki ya kwanza? "Mama atakuja." Mama anafika lini, atakaa siku ngapi, na ana msimamo gani kuhusu mwili wa mwanawe aliyetoka kujifungua, hayo hayajazungumzwa.

Pengo hilo sisi wakunga wa wodi ya wazazi tunakutana nalo kila wiki. Mzazi akiwa wodini tunampima presha na joto, tunaangalia damu inayotoka, tunamwamsha akojoe. Aliyejifungua kwa njia ya kawaida bila tatizo hutakiwa kukaa kituoni angalau saa 24, kisha anaruhusiwa. Kuanzia hapo mwili wake uko mikononi mwa mtu mwingine: mama mzazi, mama mkwe, shangazi au dada mkubwa. Huyo ndiye anayechemsha maji, anayeamua mzazi ale nini, anayesema hii ni kawaida au hii si kawaida. Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwa mjamzito halihusu pedi wala kanga. Hudhurio moja la kliniki, mwezi wa nane au wa tisa, njoo na huyo atakayekutunza. Aulize maswali yake mbele ya mkunga, akiwa bado hana beseni la maji ya moto mkononi.

Kwanza ajue kinachoendelea tumboni. Mtoto na kondo vikishatoka, mfuko wa uzazi huwa na uzito wa karibu kilo moja, na sehemu yake ya juu hupapaswa usawa wa kitovu. Kila siku hushuka kwa takribani upana wa kidole kimoja. Kati ya siku ya 10 na ya 14 huwa umeingia ndani ya nyonga, haupapasiki tena, na ifikapo wiki ya sita umerudi kwenye gramu 100 au chini ya hapo. Kazi hiyo inafanywa na misuli ya mfuko wenyewe, ikisukumwa na homoni inayomwagika mtoto anaponyonya. Ndiyo maana chango, yale maumivu ya tumbo baada ya kujifungua, huuma zaidi mtoto akiwa titini, na ndiyo maana mama wa mtoto wa nne huugulia kuliko aliyezaa mara ya kwanza. Chango la siku mbili tatu halihitaji dawa za kienyeji za kunywa. Parasetamo inatosha kwa wengi na haimdhuru mtoto anayenyonya.

Kinachouzuia mfuko huo kujikaza mara nyingi ni kibofu kilichojaa. Mkojo ukikaa, mfuko wa uzazi husukumwa juu, unalegea, na damu inaongezeka. Mzazi anatakiwa awe amekojoa ndani ya saa sita baada ya kujifungua, na nyumbani aendelee kwenda haja kila baada ya saa chache hata kama hasikii kubanwa, kwa kuwa siku za mwanzo kibofu huwa kizito kutoa taarifa. Kama mkojo unachoma kwenye mchubuko, ajimwagie maji ya uvuguvugu kwa kopo wakati anakojoa. Ni jambo dogo, lakini wapo wanaobana mkojo siku nzima kwa kuogopa ule mchomo.

Damu yenyewe ina mwendo wake. Siku tatu hadi nne za kwanza ni nyekundu, kisha hupauka na kuwa ya kahawia au waridi, na kuanzia wiki ya pili hugeuka majimaji ya njano au meupe yanayoweza kuendelea hadi wiki ya sita. Asubuhi anapoinuka kitandani inaweza kutoka nyingi kwa mara moja kwa sababu ilikuwa imekusanyika. Pakiti tatu au nne za pedi kubwa ni kiasi cha kuanzia. Asiyeweza kununua aandae vitambaa vya pamba vilivyofuliwa kwa sabuni, vikaanikwa juani, si chini ya godoro wala nyuma ya mlango, na kupigwa pasi.

Sasa tuje kwenye kukandwa, maana hapa ndipo tunapovutana na familia.

Wengi wameiona. Maji yametoka jikoni yanafuka. Taulo linachovywa na kukamuliwa kwa ncha za vidole kwa sababu halishikiki, linatua tumboni, na viganja viwili vinakandamiza kutoka juu ya kitovu kwenda chini. Mzazi ameuma upindo wa kanga. Anaambiwa avumilie ili damu chafu itoke na tumbo lisibaki kubwa. Kipande cha damu kikitoka, kila mmoja chumbani anaona kazi imefanyika.

Kipande hicho kingetoka tu. Hakuna ghala la damu chafu tumboni. Kuna kidonda pale kondo lilipokuwa limeshika, na kidonda hicho hufungwa na misuli ya mfuko inapojikaza, si na joto la taulo. Maji ya moto kupita kiasi yanaunguza ngozi, na tumeshapokea wazazi wenye malengelenge tumboni. Yakitiririka hadi kwenye nyuzi, yanaharibu mshono. Kwa aliyejifungua kwa upasuaji, kukandamizwa tumbo kunaweza kufumua kidonda, na siku hizi waliopasuliwa ni wengi, jambo ambalo bibi zetu hawakulikuta.

Swali linalokuja hapo huwa la haki: mbona ninyi wakunga wodini mnamminya mzazi tumbo? Ni kweli, tunalisugua, na linauma. Tunafanya hivyo saa za mwanzo, tukitafuta kama mfuko umekaza au umelegea, kwa sababu uliolegea unaweza kumwaga damu nyingi kwa muda mfupi. Ni kipimo na ni huduma ya dharura. Si cha kuendelezwa nyumbani siku ya tano.

Bibi mmoja aliwahi kuniambia kliniki, "Mwanangu, mimi nimekanda wanangu wote na wakwe zangu, na wote wazima." Nikamwamkia upya, kisha nikamwuliza kama maji yale angeyaoga yeye mwenyewe. Akacheka, akasema yangemchuna ngozi. Tukakubaliana: maji ya kuoga ya uvuguvugu anayoyavumilia mtu kwa kiwiko, mikono yake itumike mgongoni, mabegani na miguuni kwa mafuta ya nazi, tumbo aliache. Sioni sababu ya kumnyang'anya bibi kazi. Mzazi aliyesuguliwa mgongo vizuri hulala, na usingizi ni dawa ambayo duka la dawa halina. Isipokuwa mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma kwenye kigimbi: huo usisuguliwe hata kidogo, apelekwe kituoni, kwa sababu huenda damu imeganda ndani ya mshipa.

Mkaja, ile kanga ya kufunga tumbo, hauna neno ukifungwa kwa kiasi. Unashikilia tumbo na mgongo, na waliopasuliwa wengi hupata nafuu wakitembea nao. Kiganja kipite kati ya kanga na ngozi, na ufunguliwe wakati wa kulala. Ukikazwa sana unasukuma uzito chini, kwenye misuli ya nyonga ambayo imetoka kupitia kazi kubwa. Kupunguza tumbo si kazi yake. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hapana, hata msimu wa baridi. Moshi unaoonekana siyo unaoua. Hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na chumbani wamelala wawili.

Aliyechanika au kuongezewa njia, yaani kukatwa kidogo ukeni ili mtoto apite, aandae beseni lake, lisiwe la kumwogeshea mtoto. Aoshe kwa maji safi mara mbili tatu kwa siku na kila atokapo haja, kutoka mbele kwenda nyuma, akaushe kwa kugusagusa, na abadilishe pedi kabla haijajaa. Kukalia maji ya uvuguvugu dakika kumi kunatuliza. Chumvi ukiipenda weka kijiko, lakini kinachosaidia pale ni usafi. Dawa kali za kuua vijidudu, majivu, tumbaku na majani yaliyotwangwa visikaribie. Nyuzi nyingi huyeyuka zenyewe ndani ya wiki chache. Haja kubwa ya kwanza huogopwa kuliko yote. Maji ya kutosha, papai, mboga za majani na pedi safi ya kushikilia mshono kwa mkono wakati wa kusukuma vinapunguza hofu hiyo.

Kwa waliopasuliwa, tunawainua kitandani ndani ya saa 24 na wengine hutuona hatuna huruma. Damu ya mjamzito huganda haraka kuliko ya mtu mwingine, na hali hiyo huendelea wiki sita baada ya kujifungua. Anayelala bila kujongea anajitafutia hatari. Akikohoa au kucheka abane mto tumboni. Ndoo, mtungi na mtoto mkubwa aviache wiki sita. Asibebe kitu kizito kuliko kichanga chake. Kidonda kiwe kikavu na kisiwekewe kitu ambacho hakikuandikwa hospitali. Ule mtindo wa kupasua kapsuli na kunyunyiza unga wake juu ya mshono hauzuii usaha, unaufunika tu.

Na hata kwa aliyejifungua kawaida, arobaini ya kukaa ndani isiwe arobaini ya kulala. Atembee uani asubuhi na jioni, apate jua. Tangu siku za kwanza, akishakuwa hana maumivu makali, aanze mazoezi ya nyonga: abane kama anayezuia mkojo na hewa kwa pamoja, ahesabu hadi tano, aachie, arudie mara kumi, mara tatu kwa siku. Hakuna anayemwona. Wanaovuja mkojo wakipiga chafya miezi baadaye wengi wao hawakuambiwa jambo hili.

Chakula sina ugomvi nacho. Mtori wa Kilimanjaro, uji wa pilipili manga wa pwani, supu ya kuku wa kienyeji, vyote ni vyema, mradi visiwe ndivyo peke yake. Nyumba zinazomkatalia mzazi mboga, matunda au mayai zinamnyima madini na nyuzinyuzi anazozihitaji kuliko siku nyingine yoyote. Vidonge vya kuongeza damu aendelee navyo kama kliniki ilivyomwelekeza, na asivimeze na chai, kwa kuwa chai huzuia madini ya chuma kufyonzwa.

Kuna mambo ambayo anayemtunza mzazi ayajue kwa moyo, kwa sababu mzazi mwenyewe anaweza kukosa nguvu ya kuyasema. Pedi kubwa inayolowa chapachapa ndani ya saa moja, au vipande vya damu vyenye ukubwa wa yai la kuku na zaidi. Homa ya nyuzi 38 au zaidi, hasa ikiandamana na uchafu wenye harufu mbaya au maumivu ya tumbo yanayoongezeka badala ya kupungua. Kichwa kinachouma vibaya, macho kuona ukungu, au degedege. Kifafa cha mimba kinaweza kuja hata baada ya mtoto kutoka, na kwa mwanamke ambaye presha yake haikuwahi kusumbua. Kupumua kwa shida au kifua kubana. Mshono unaotoa usaha au kuachia. Titi jekundu, la moto, lenye uvimbe na homa. Na mzazi anayelia siku baada ya siku kwa zaidi ya wiki mbili, asiyetaka kumshika mtoto, au anayesema afadhali afe: huyo hana pepo wala kiburi, anaumwa, na anatibika.

Lolote kati ya hayo ni safari ya kituoni saa hiyohiyo, hata usiku. Kubalianeni kabla ya uchungu nani ataamua baba wa mtoto asipopatikana, na pesa ya usafiri inakaa wapi. Tanzania kuna mfumo wa m-mama wa kusafirisha wajawazito, wazazi na vichanga wenye dharura. Namba ni 115 na kupiga ni bure. Iandikwe kwenye simu ya kila mtu mzima wa nyumba.

Mahudhurio nayo yapangwe kama safari za mtoto zinavyopangwa. Ukiacha uchunguzi wa saa 24 za kwanza, mzazi aonwe tena kati ya siku ya pili na ya tatu, wiki ya kwanza hadi ya pili, na wiki ya sita. Wengi huja wiki ya sita kwa ajili ya chanjo ya mtoto na kuondoka bila kupimwa wao. Dai kipimo chako: presha, damu, mshono, matiti. Uliza pia uzazi wa mpango, kwa sababu mimba inaweza kuingia kabla hujaona siku zako, na tendo la ndoa lisubiri damu ikome na kidonda kipone.

Baba mwenye ajira ana angalau siku tatu za likizo kisheria, ndani ya siku saba tangu mtoto azaliwe. Azitumie kuchota maji na kufua, si kupokea wageni. Mama mwajiriwa ana siku 84 zenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi ana haki ya hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mama kufanya kazi ndani ya wiki sita tangu ajifungue, isipokuwa daktari athibitishe kwamba anaweza. Bosi akikupigia simu wiki ya nne kuuliza unarudi lini, mjibu kwa sheria hiyo.