Ufafanuzi kuhusu Kuchuja Mtetemo katika Upimaji wa Mionzi ya Mazao

Msimu huu wa parachichi tumepokea malalamiko ya aina moja kutoka Rungwe, Njombe na Mbozi: kwamba maabara yetu "inachuja" vipimo vya mionzi kwa kompyuta kabla ya kutoa cheti, na kwamba mfanyabiashara aliyechujiwa hupata majibu mazuri kuliko asiyechujiwa. Kwa kuwa dhana hiyo imeanza kuwasukuma baadhi ya wasafirishaji kutafuta vyeti kwa watu wasiohusika, tunalazimika kueleza ni kitu gani kinachochujwa.

Kinachochujwa ni mtetemo. Kigunduzi, yaani kifaa cha kupimia mionzi, ni fuwele ya gerimani safi iliyopozwa hadi karibu nyuzi 196 chini ya sifuri kwa naitrojeni ya kimiminika au kwa mashine ya umeme, kisha ikawekewa volti elfu kadhaa. Mwale wa gamma (aina ya mionzi) wa seziamu-137, dutu yenye mionzi, wenye nishati ya keV 661.7 (keV ni kipimo cha nishati), ukiishia ndani ya fuwele huachia elektroni zipatazo 223,000, ambazo ni chaji ndogo sana inayosomwa kama mpigo mmoja wa umeme. Fuwele ikitikisika, hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, nafasi kati yake na chuma kinachoizunguka hubadilika, na kwa sababu ya volti hizo kubwa, badiliko hilo nalo huzaa chaji inayoingia katika waya uleule. Hapa Mbeya vyanzo vyake ni malori yanayopita barabara kuu ya Tunduma, jenereta umeme unapokatika, na pampu ya mashine ya kupozea yenyewe. Vilele katika wigo, yaani mchoro unaoonesha idadi ya mipigo kwa kila nishati, hutanuka, na mipigo ya uongo hujaa upande wa nishati ndogo. Wapo wanaouliza kama mtetemo huongeza mionzi ndani ya parachichi au majani ya chai; hauongezi. Tumekwisha kulijibu swali hilo mara nyingi, na tunaomba lisiendelee kusambazwa.

Mpigo wa gamma na wimbi la mtetemo hutofautiana kwa kasi. Mpigo hupanda kwa muda usiofika mikrosekunde moja, ilhali wimbi la mtetemo la hezi 100 huchukua mikrosekunde 10,000 kukamilika. Kichujio cha kidijitali chenye umbo la trapeza hutazama ishara kwa takriban mikrosekunde 25, yaani sehemu moja ya 400 ya wimbi hilo, na katika dirisha fupi namna hiyo wimbi huonekana kama mteremko ulionyooka. Mteremko huo huongeza au kupunguza kimo cha mpigo, ambacho ndicho kinachoonesha nishati ya mwale. Kwa hiyo kompyuta husoma jibu la kichujio kabla ya mpigo na baada yake, mahali ambapo hakuna mwale wowote, hupata wastani wa masomo hayo mawili, kisha huutoa katika kimo kilichopimwa. Hesabu hiyo hufanyika kwa kila mpigo, mmoja baada ya mwingine, kabla haujaingizwa katika wigo, na haina habari ya jina la mteja, aina ya zao wala nchi linakopelekwa.

Kuna gharama. Kila mpigo huchukua muda mrefu zaidi kushughulikiwa, na kelele kidogo ya kielektroniki huongezeka, lakini kwa sampuli za chakula, ambazo mipigo yake ni michache, gharama hiyo inavumilika. Mtikisiko wa ghafla, kama wa mtu kugonga meza ya kigunduzi, hauondoki vizuri kwa njia hii; kipimo cha namna hiyo hurudiwa, na ndiyo sababu baadhi ya vyeti huchelewa.

Uthibitisho tunaoutumia ni wa wazi. Chanzo cha seziamu-137 chenye cheti hupimwa kichujio kikiwa kimezimwa na kikiwa kimewashwa. Kilele kinatakiwa kuwa chembamba zaidi, kibaki kwenye keV 661.7, na idadi ya hesabu (mipigo iliyohesabiwa) ndani yake isitofautiane kupita makosa ya kitakwimu, ambayo kwa hesabu 10,000 ni asilimia 1. Vivyo hivyo, kilele cha keV 1,460.8 cha potasiamu-40, dutu yenye mionzi iliyomo kwa asili katika ndizi za Tukuyu na parachichi lolote duniani, hakiondolewi na kichujio, na kuonekana kwake si dalili ya uchafuzi.

Mteja mwenye shaka aandike barua akitaja namba ya sampuli, tarehe ya kuipokea na namba ya stakabadhi ya malipo, naye ataoneshwa kipimo cha siku husika cha chanzo hicho cha seziamu-137 chenye cheti. Asiende kwa mtu wa kati. Kughushi cheti ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ambayo kifungu chake cha 337 kinatoa adhabu ya kifungo cha miaka 7, na kifungu cha 342 kinamhusu pia anayewasilisha hati ya uongo kwa kujua na kwa nia ya kudanganya, hata kama aliyeitengeneza ni mwingine. Madereva wanaoleta sampuli wanaombwa kuzima injini wakifika langoni, kwa kuwa chumba cha kigunduzi kiko upande huo wa jengo.