Alan Rickman hakuanza na Harry Potter, jamani

Kila nikisikia mtu anasema Rickman, yule mwigizaji wa Uingereza, alitokea tu kwenye Harry Potter akiwa mwalimu Snape na lile joho jeusi nachoka kabisa, maana ile muvi ya kwanza imetoka 2001 na jamaa alikuwa anagonga miaka 55. Wengine wanajitahidi wanarudi hadi Die Hard ya 1988, eti ndo alianzia pale. Hiyo nayo ni muvi yake ya kwanza ya sinema, sawa, ila sio kazi yake ya kwanza.

Huyu mzee kazaliwa Acton, London, 1946, akasomea grafiki dizaini akafungua na ofisi kabisa na washkaji zake, halafu akiwa na miaka 26 ndo akaenda chuo cha uigizaji RADA. Umri ambao kwetu ungeambiwa tulia utafute mke! Hela ya kula alipata kwa kuwavalisha nguo waigizaji wakubwa kama Ralph Richardson, yani yeye ndo anashika koti nyuma ya pazia.

Baadae akapanda jukwaani na kundi la maigizo la Royal Shakespeare Company, 1985 akacheza mhusika Valmont kwenye Les Liaisons Dangereuses, mchezo ukafika mpaka Broadway, kwenye majumba ya maigizo ya New York, 1987 akateuliwa tuzo ya Tony, ile ya maigizo ya jukwaani. Baada ya hapo ndo akaonekana kwenye Die Hard.

Na wale wa "alibeba Oscar", hapana, hata kuteuliwa hakuwahi. Alichobeba ni tuzo za BAFTA, Emmy na Golden Globe.