Baridi ya Mbeya haiyeyushi kitambi

Kila Juni, Mbeya ikianza kung'ata, najua nitakachoambiwa kliniki: "Daktari, sasa naoga maji ya bombani alfajiri, kitambi kitaisha chenyewe." (Mimi ni afisa lishe, ila huku kila mwenye koti jeupe ni daktari.) Wiki iliyopita nimeambiwa hivyo mara nne. Kaka wa mwisho alikuwa kavaa sweta mbili na koti juu.

Mwili una mafuta meupe na ya kahawia. Meupe ni ghala, ndiyo hayo ya kiunoni. Ya kahawia ni tanuri: seli zake zimejaa mitokondria (vinu vidogo vya nishati ndani ya seli) yenye madini ya chuma, ndiyo asili ya rangi yake, na huchoma sukari na mafuta ili kutoa joto. Iliaminika kwa muda mrefu kwamba mtu mzima hana kitu hicho, mpaka mwaka 2009 vipimo vya picha vilipoyaonyesha shingoni, juu ya mtulinga na kando ya uti wa mgongo. Baridi huyaamsha. Ukiizoea siku kadhaa, yanafanya kazi zaidi na kutetemeka kunapungua.

Hapo ndipo watu wanapoacha kusikiliza! Waliofanyiwa majaribio walikaa saa mbili hadi sita kila siku kwenye chumba cha nyuzi 15 hadi 17, na nguo nyepesi, kwa siku kumi na wengine wiki sita. Wewe unajimwagia ndoo moja, unapiga kelele, halafu unaingia kwenye blanketi na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari. Tanuri lenyewe ni dogo, na baridi huleta njaa. Ulichochoma kinarudi na sahani moja ya viazi. Kama baridi ingekondesha, Makete, wilaya ya baridi kali, kusingekuwa na vitambi. Nimeenda huko kwa huduma ya mkoba, vipo. Mwenye presha asijaribu kabisa, maji baridi ya ghafla yanaipandisha. Punguza sukari, Jumamosi panda mlima Loleza kwa miguu.

Komoni, pombe yetu ya kienyeji, nayo haipashi mwili. Inatanua mishipa ya ngozi, unajisikia moto huku joto linakutoka.

Wengine huniambia mtoto mnene hasikii baridi. Hilo silicheki. Kichanga hawezi kutetemeka kama sisi, anategemea mafuta ya kahawia yaliyo kati ya mabega na shingoni, na mtoto njiti (aliyezaliwa kabla ya wakati) hana ya kutosha. Akipoa anamaliza sukari na oksijeni yake kujipasha, analegea, ananyonya kidogo, wala halii. Mama, usimwogeshe kabla ya saa 24, mvike kofia na soksi, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mjifunike wote. Na jiko la mkaa litoke chumbani, hata bibi yake akinuna.