Hataza sio muhuri wa ugenius: tuongee wifi, mp3 na mashine ya kufunga pakiti

Kazi yangu ni mashine za kufunga pakiti, zile za chumvi, karanga, unga wa lishe, na kila nikikaa na mafundi wenzangu stori ikifika kwenye hataza, au patenti kama tunavyoiita wenyewe, yaani haki ya kisheria ya kuzuia wengine wasitumie ulichobuni kwa muda fulani, naskia maajabu. Mengine yanasambaa tu kwenye status na hayamuumizi mtu, mengine fundi anakwambia kwa kujiamini kabisa alafu yanakuja kumponza.

Tuanze na lile linalosambaa kuliko yote, eti wifi iligunduliwa na muigizaji wa Hollywood. Picha ya Hedy Lamarr, maandishi meupe chini, watu wanashea.

Hedy ni kweli alikuwa na hataza, hilo halina ubishi. Yeye na mtunzi wa muziki George Antheil waliomba Juni 1941 katikati ya vita, wakapewa Agosti 11, 1942, namba 2,292,387, na humo jina lake ni Hedy Kiesler Markey kwaiyo ukitafuta Lamarr utazunguka sana. Kitu chenyewe ni namna ya kuongoza topido, lile bomu linalokwenda majini kupiga meli, kwa redio bila adui kuvuruga mawasiliano, yaani anayetuma na anayepokea wanaruka pamoja kutoka masafa haya ya redio (frikwensi) kwenda yale, wakifuata karatasi yenye matundu kama ile ya piano inayojipiga yenyewe, na masafa waliyotaja ni 88, sawasawa na vibonye vya piano. Antheil alishawahi kuhangaika na hizo piano za kujipiga, ndo mana. Ila jeshi la majini la Marekani halikuitumia vitani, hataza ikaisha 1959, na wazo la kurukaruka lenyewe lilishaguswa na watu wengine kabla yao. Kama unataka kumpa maua yake mpe kwenye Bluetooth, ile ya kawaida inaruka mara 1600 kwa sekunde kwenye chaneli 79. Wifi ya mwanzo kabisa ya 1997 nayo iliruhusu kurukaruka kama njia mojawapo, alafu njia hiyo ikaachwa.

Hataza iliyotikisa wifi ni ya Waaustralia, shirika la utafiti la serikali linaitwa CSIRO. Shida waliyokuwa wanapambana nayo unaijua hata kama hujui jina lake. Umeshaingia ukumbi wa harusi kabla watu hawajajaa, MC anajaribu maiki, maneno yanagonga ukuta yanarudi yanapandana husikii kitu? Mawimbi ya redio ndani ya nyumba ndo hivyo hivyo, yanagonga ukuta, kabati, bati, yanamfikia mpokeaji kwa kuchelewa tofauti tofauti. Wao badala ya kumwaga data mbio mbio kwenye njia moja waliigawa kwenye njia nyembamba nyingi, kila njia inaenda taratibu, mwangwi unakufa kabla neno linalofuata halijaanza. John O'Sullivan, mmoja wa waliokuwa kwenye ile timu, zamani alikuwa anasikiliza anga akitafuta milipuko ya mashimo meusi madogo, hakuyapata, ila ujuzi wa kusafisha mawimbi ukabaki nao. Hataza ya Marekani ikatoka 1996, makampuni yakagoma kulipa, wakaburuzana mahakamani miaka, mwisho wa siku CSIRO walikusanya zaidi ya dola milioni 430 za Australia.

Na ndani ya hicho kitu kuna hesabu inaitwa FFT, njia ya haraka ya kuchambua wimbi lina masafa gani ndani yake, wanahisabati Cooley na Tukey waliichapisha 1965 na IBM, kampuni ya kompyuta alikokuwa Cooley, wakaamua kuiacha wazi bila hataza, iko kwenye simu yako saivi. Baadae ikaonekana Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, alishaiandika mwanzoni mwa karne ya 19! Kwaiyo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye stori hii hakina hataza kabisa.

Lingine la kusambaa: mwaka 2017 vichwa vya habari vilisema mp3 imekufa. Niliwaona watu wanauliza kama nyimbo zao zitafutika. Kilichotokea ni kwamba hataza za mp3 ziliisha muda, na wale Wajerumani wa taasisi ya Fraunhofer walioshiriki kuibuni wakafunga dirisha la kuuza leseni mwezi wa nne mwaka huo. Maana yake ni kinyume kabisa, sasa mtu yeyote anatengeneza programu ya mp3 bila kumlipa mtu. Wale vijana wa kujaza nyimbo kwenye memori kadi hawakupoteza hata siku moja ya kazi.

Sasa tuje kwenye karakana mana huku ndo panauma.

"Ukibadilisha asilimia 20 sio kuiba." Hii nimeisikia Dar, nimeisikia Nairobi, asilimia tu ndo zinabadilika, mwingine anasema 10 mwingine 30. Hamna sheria ya hivyo. Hataza ina sehemu inaitwa madai, sentensi ndefu mbaya kuzisoma, na hizo ndo ukuta wa shamba. Chukua mashine yangu, ile ya wima. Plastiki inatoka kwenye rola, inapanda kwenye kola inayoikunja kuwa bomba, hita moja inaunganisha pindo kwa wima, chini taya zinabana kwa moto, chumvi inadondoka, plastiki inavutwa, taya zinabana tena na kisu kinakata katikati, kwaiyo mbano mmoja ni mdomo wa pakiti hii na makalio ya ile inayofuata. Alafu kuna jicho dogo linasoma alama nyeusi pembeni ya plastiki, likiiona linaambia mota simama, bila hilo jicho picha ya lebo inahama pakiti kwa pakiti mpaka jina la bidhaa linakatwa shingo (nimeyaona hayo, gunia zima la kutupa, bosi hataki kuongea na mtu). Sasa tuseme mtu ana hataza na madai yake yanasema kola pamoja na taya pamoja na jicho. Wewe ukiweka vyote vitatu alafu ukaongeza taa, ukapaka bluu, ukaweka miguu ya tairi, bado uko ndani ya shamba lake. Ukitoa jicho ukatumia njia nyingine kabisa hapo unaweza kuwa nje, hata kama mashine kwa macho zinafanana kama mapacha.

Ila pia kuna wanaoogopa bure. Mashine ya wima kwa ujumla wake Walter Zwoyer aliipatia hataza Marekani 1936, ilishaisha zamani sana, wazo hilo ni la wote, kinacholindwa leo ni maboresho mapya mapya. Na hakuna hataza ya dunia nzima. Mtu akikuonyesha karatasi ya WIPO, shirika la kimataifa la hakimiliki na hataza la Geneva, hiyo ni njia ya kuombea tu, nchi ndo zinatoa. Kama hataza iko Ujerumani peke yake na haijasajiliwa BRELA ya Tanzania, wala KIPI ya Kenya, wala kupitia ARIPO, ofisi ya pamoja ya nchi za Afrika kule Harare, fundi wa Gerezani Dar au Kamukunji Nairobi akiitengeneza na kuiuza hapa hapa hajaikosea hiyo hataza. Akiipeleka Ujerumani ndo balaa linaanza. Jina na nembo ya kampuni ni kesi nyingine, usichanganye.

Kuhusu wanaosema hataza ni utajiri nitasema kifupi. Douglas Engelbart alipata hataza ya mausi ya kompyuta 1970, lakini mwenye nayo alikuwa mwajiri wake, na Engelbart mwenyewe alisimulia kwamba Apple waliuziwa leseni kwa kama dola 40,000 hivi. Yeye mrabaha hakuona. Na hata ukishapewa inaweza kufutwa, ENIAC, kompyuta ya zamani sana, ilipewa hataza 1964, ikafutwa na jaji 1973.

Mwezi uliopita kijana mmoja alikuja na kifaa chake cha kubana mifuko ya unga, cha mguu, kizuri kweli, kinatumia umeme kidogo sana. Akaniambia kaka nataka nikipatie hataza, nianzie wapi. Nikamuuliza kwanza kuna mtu ameshakiona? Mana Ulaya ukishakionyesha hadharani kabla ya kuomba umeshaharibu sifa yake ya kuwa kitu kipya, Marekani wanakupa nafasi ya mwaka mmoja. Akacheka akatoa simu, akanionyesha video ya kifaa kile, karibu kwa karibu, mpaka waya wa hita unauona ulivyopita. Nikauliza hii umeiweka lini. Akasema mwaka juzi, na imeangaliwa sana.