Cézanne na Zola: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Dhana: Riwaya moja ndiyo iliyovunja urafiki wao

Hii imesambaa kuliko zote. Mwaka 1886 mwandishi Mfaransa Émile Zola alitoa L'Œuvre, riwaya ya mchoraji Claude Lantier, ambaye anashindwa kuikamilisha picha yake kubwa na mwishowe anajinyonga mbele yake. Husemwa kwamba rafiki yake, mchoraji Paul Cézanne, alijiona humo, akaandika barua ya kuaga, na usuhuba wa zaidi ya miaka 30 ukafia hapo.

Ukweli: Barua ipo. Iliandikwa Gardanne, mji mdogo karibu na Aix-en-Provence kusini mwa Ufaransa, tarehe 4 Aprili 1886. Cézanne anashukuru kwa kutumiwa kitabu na anaomba ruhusa ya kumpa mkono mwandishi wake, akiikumbuka miaka yao ya zamani. Hakuna lawama ndani yake. Ilisomwa kama kwaheri kwa sababu tu haikujulikana barua nyingine iliyoifuata.

Kisha mwaka 2013 ikajitokeza nyingine, ya tarehe 28 Novemba 1887. Safari hii Cézanne anashukuru kwa kutumiwa La Terre, riwaya mpya ya Zola, na anaahidi kwamba Zola akisharudi atakwenda kumwona ampe mkono. Kwa hiyo karibu miezi 20 baada ya ile "kwaheri", Zola alikuwa bado anatuma vitabu na Cézanne anapanga kumtembelea.

Wasomaji wa barua za kale hujikwaa hapa mara nyingi: pengo kwenye kabrasha hugeuzwa kuwa ugomvi. Barua hupotea, huchomwa, hufungiwa makabatini na warithi, na watu wanaoonana uso kwa uso hawana haja ya kuandikiana. Kwamba uhusiano wao ulipoa baadaye, hilo halina ubishi. Ila kati ya barua zao zinazojulikana hakuna hata moja ya ugomvi.

Dhana: Claude Lantier ndiye Cézanne

Ukweli: Ni nusu tu. Utoto wa Lantier umetoka Aix-en-Provence, walikokulia wote wawili. Lakini picha yake inayochekwa na umma, yenye mwanamke aliye uchi na mwanamume aliyevaa nguo, inakumbusha picha ya mchoraji Édouard Manet iliyozua kelele Paris mwaka 1863. Naye Sandoz, rafiki mwandishi, ni Zola mwenyewe. Mchoraji Claude Monet alimwandikia Zola akihofia kwamba maadui wa wachoraji wangekitumia kitabu hicho kuwapiga wote. Yeye hakukiona kama shambulio dhidi ya mtu mmoja.

Dhana: Zola tajiri alimlea Cézanne fukara

Ukweli: Walipokutana shuleni Collège Bourbon mwaka 1852, hali ilikuwa kinyume. Zola alikuwa yatima wa baba tangu 1847 na mama yake alihangaika na madeni. Baba yake Cézanne alikuwa mwenye benki. Kikapu maarufu cha matofaa kilitoka kwa Zola: Cézanne alipigwa na wanafunzi wenzake kwa kumtetea, na kesho yake Zola akamletea zawadi hiyo. Tunalijua hili kutoka kwa Joachim Gasquet, mshairi wa Aix, aliyeandika habari hizi wakati Cézanne ameshafariki, kwa hiyo lisomwe kwa tahadhari.

Msaada wa fedha wa 1878 ni wa kweli, na ulikuwa wa muda. Mzee Cézanne alinusa kwamba mwanawe ana mwanamke, Hortense Fiquet, na mtoto, akaipunguza posho hadi faranga 100 kwa mwezi. Zola, ambaye sasa alikuwa na pesa za riwaya yake L'Assommoir, akamtumia Hortense faranga 60 kila mwezi kwa miezi kadhaa. Mzee alifariki Oktoba 1886, na Cézanne akarithi mali ya kumtosha maisha yake yote.

Dhana: Zola alimpigania Cézanne magazetini

Ukweli: Wengi huchanganya kutabarukiwa kitabu na kutetewa. Mwaka 1866 Zola alikusanya makala zake za sanaa na kuzitanguliza kwa barua ya mapenzi makubwa kwa Cézanne. Ndani ya makala zenyewe anayepiganiwa ni Manet. Picha za Cézanne hazikupata makala yao hata moja. Kisha, katika Le Figaro la tarehe 2 Mei 1896, Zola alimtaja Cézanne kuwa mchoraji mkubwa aliyeharibika kabla ya kukomaa, ingawa ana sehemu za kipaji cha hali ya juu. Anayetafuta maneno makali ya Zola juu ya rafiki yake asihangaike na riwaya. Hapa jina limetajwa waziwazi, gazetini, wakati Cézanne angali hai na anachora.