Wati 2000 haziondoi manyoya ya paka kwenye kapeti

Jana tena. Dada mmoja kaja na vakyumu yake, mashine ya kuvuta vumbi, ndani ya boksi, mpya kabisa haina hata miezi mitatu, ananiambia "fundi hii imeisha nguvu haivuti manyoya, na mimi dukani niliiacha ya wati 800 nikachukua ya 2000 makusudi kwa sababu nina paka wawili." Maneno hayo hayo nayasikia karibu kila wiki, Dar nzima ni kama imeambiana. Nimechoka kuyajibu mmoja mmoja, kwaiyo naandika hapa yote yatoke, niwe namtumia kila anayeuliza.

"Wati nyingi ndo inavuta zaidi"

Hapana. Wati ni umeme ambao mashine inakula, basi. Ni sawa na kupima kazi ya kibarua kwa kuhesabu sahani za ugali alizokula. Ukiiwasha ya wati 2000 saa nzima imekula yuniti 2 za LUKU, hiyo ndo habari ya kweli unayoipata kwenye ile namba kubwa ya boksi, kuhusu manyoya haijakwambia kitu. Na ili ujue sikudanganyi angalia Ulaya, kule watu wana kapeti ukuta kwa ukuta na mbwa wanalala ndani, lakini tangu Septemba 2014 vakyumu za kawaida za waya za nyumbani zilikatazwa kuingia sokoni zikiwa na wati 1600 au zaidi, na Septemba 2017 wakashusha tena iwe chini ya 900. Viwanda vikalazimika kuacha kushindana kwa wati vikatengeneza vizuri kichwa kinachogusa kapeti na njia ya hewa. Nyumba zao hazijajaa manyoya kwa sababu hiyo. Huku kwetu boksi bado linauzwa kwa 2000, 2400, na mnunuzi anafurahi.

Halafu kuna lile jaribio la Kariakoo. Muuzaji anawasha, anakwambia weka kiganja kwenye mdomo wa bomba, mkono unavutwa mpaka unashtuka, unatoa hela. Sasa fikiria kidogo: ukiziba kwa kiganja hewa haipiti kabisa. Hicho ulichokisikia ni mvuto wa bomba lililozibwa, ndo ile kPa (kilopaskali, kipimo cha mvuto) wanayoandika kwenye boksi, na nyumbani hutumii bomba likiwa limezibwa. Kinachobeba nywele kuipeleka mpaka kwenye mfuko ni hewa inayopita, nyingi na kwa kasi. Mashine inaweza kukamata kiganja vizuri sana huku hewa inayopita ni kidogo.

Na hata hewa ikiwa nyingi bado kwa manyoya haitoshi, hapa ndo natamani watu wanielewe. Vumbi na mchanga vimekaa tu juu ya kapeti, upepo ukipita vinaondoka. Nywele ya paka haijakaa, imejisokota ndani ya nyuzi, na ule umeme mdogo wa msuguano unaigandisha zaidi, upepo unapita juu yake yenyewe imelala. Inatakiwa kitu kiingie kiichane kiitoe, halafu ndo hewa iibebe. Hicho kitu ni rola, brashi inayozunguka ndani ya kile kichwa cha chini. Vakyumu isiyo na rola hata uipe wati 3000 kwenye kapeti ya nyumba yenye paka itakusumbua.

Yule dada nilimwonesha palepale. Nina kipande cha kapeti cha majaribio, nikatoa manyoya kwenye kopo la uchafu la mashine yake yenyewe, nikayatawanya nikayakanyaga na kiatu yaingie kama yanavyoingia sebuleni watu wakipita. Nikapitisha ya kwake ya wati 2000, kichwa bapa kisicho na rola, mara moja, mbili, tatu, akainama kuangalia na manyoya yapo, yamelala tu upande mmoja kama nywele zilizochanwa. Nikachukua ya mteja mwingine iliyokuwa inasubiri kuchukuliwa, wati 700, ina rola yenye mota yake, nikapita mara moja kwenda na kurudi. Pakabaki rangi ya kapeti. Alikaa kimya kidogo akasema "na ile ya 800 niliyoiacha ilikuwa na hicho kibrashi."

Kingine, na hiki kinaua mashine kabisa. Watu wakisikia vakyumu inapiga kelele nyembamba ya juu wanasema leo imeshika moto inavuta kweli. Jamani ni kinyume chake. Hewa ikikosa pa kupita mota inakosa mzigo inazunguka kasi zaidi, ndo mlio unapanda. Mlio ule unakwambia imeziba, na nyingi ya hizi za kawaida mota inapozwa na hewa hiyohiyo inayovuta uchafu, kwaiyo ikiziba mota inajipika yenyewe. Ukisikia mlio umepanda zima, toa mfuko au kopo, angalia filta, angalia bomba kama halina bonge la nywele kwenye kona. Ya yule dada nilipofungua filta ilikuwa imevaa manyoya kama blanketi, mtu hakumwambia kuwa inafunguliwa.

Kwaiyo dukani acha kuuliza wati. Uliza rola ipo? Inazungushwa na mota yake au na upepo? Maana zipo za upepo, zinazunguka vizuri sana hewani ukizigandamiza kwenye kapeti nene zinasimama. Mwambie muuzaji aiwashe, ikandamize kwenye kapeti au hata mkeka mnene, ikisimama iache. Uliza rola inatolewaje ili uisafishe, kama inahitaji bisibisi na skrubu nne hutaisafisha, nakujua. Na kama nyumba yako ni tailizi sehemu kubwa hakikisha rola ina swichi ya kuizima au iwe ya kitambaa laini, vinginevyo inarusha manyoya nyuma unayakuta miguuni.

Rola yenyewe sasa. Kila wiki ipindue, chukua mkasi mdogo au kile kifaa cha mafundi cherehani cha kufumulia uzi, kata nywele zilizojizungusha uzivute. Hasa pembeni kwenye beringi. Nimefungua vichwa nikakuta nywele zimejikaza pale mwisho wa rola ngumu kama uzi kwenye kigogo, msuguano umeyeyusha plastiki ya beringi imegandiana na nywele, na mkanda unaozungusha rola umekatika. Kazi ya dakika 5 kwa wiki ingeokoa kichwa kizima, na kichwa kipya mara nyingi spea yake hapa hupati.

"Nikinunua ya HEPA aleji ya paka itaisha"

Filta ya HEPA ya kweli ni nzuri, inakamata asilimia 99.97 ya chembe za ukubwa wa maikroni 0.3 (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba filta ni kipande kimoja tu, hewa ikipata upenyo pembeni yake inapita hapo. Ukitaka kujua ya kwako, toa filta uangalie nyuma yake, upande wa mota. Ukikuta vumbi jeupe laini limetanda pale basi mpira wa kuzibia haushiki, na uliyolipia HEPA inakurudishia vumbi usoni.

Na aleji yenyewe haitoki kwenye manyoya. Inatoka kwenye protini iliyo kwenye mate ya paka na mafuta ya ngozi yake, akijilamba inakauka, inabaki kwenye mba na kupeperuka, ni chembe ndogo mno, inaganda kwenye pazia, godoro, ukuta. Ndo maana hata paka akiondoka nyumbani inaweza kuchukua miezi kabla haijapungua sana. Kwaiyo vakyumu inapunguza, haimalizi. Mwenye aleji asipige vakyumu yeye, au avae barakoa na madirisha yawe wazi, na paka asiingie kabisa chumba anacholala mwenye aleji. Mengine aongee na daktari.

"Isiyo na mfuko inaokoa hela"

Hapa mafundi wenzangu wengine hatuelewani lakini mimi kwa nyumba yenye wanyama nasema mfuko. Lile kopo ukilifungua kumwaga, wingu lote la mba linakurudia, na nywele zimejisokota ndani unazichokonoa kwa kidole. Alafu vumbi laini linawahi kwenye filta, filta inataka kuoshwa, ukiosha inatakiwa ikauke saa 24 nzima na watu wanairudisha mbichi, inatoa harufu ya mbwa aliyenyeshewa na mota inaingia unyevu. Mfuko unautoa umefungwa unatupa. Ila kabla hujalipa muulize muuzaji mifuko yake iko wapi, akuoneshe, nunua pakiti mbili hapohapo. Akisema italetwa, hiyo mashine mwachie.

"Mbwa wangu ana manyoya mafupi, yoyote itafaa"

Mafupi ndo yanasumbua zaidi. Yale marefu yanajikusanya yanakuwa bonge unaliokota, ila ya mbwa wetu hawa wa kienyeji ni magumu kama sindano, yanachoma kwenye kitambaa cha kochi na siti ya gari yanasimama humo. Kwa makochi vaa glavu ya mpira ya kuoshea vyombo, ilowanishe kidogo, pangusa kuelekea upande mmoja, utashangaa linavyotoka bonge. Baada ya hapo ndo upitishe vakyumu na kile kibrashi kidogo. Wateja wangu wote nawaambia hivi na bado wanakuja wananiambia sofa limeshindikana, ukiuliza glavu ulijaribu, hapana.

"Viroboto wanaishi ndani ya mfuko wanatoka tena"

Hii iliwahi kupimwa Marekani, matokeo yakatoka 2007, vakyumu iliua karibu viroboto wakubwa wote, asilimia 96, na wale wachanga wote kabisa. Kwaiyo piga vakyumu bila hofu, chini ya makochi na anapolala mbwa. Ila usimwage ile poda ya kuulia wadudu ukaivuta na mashine ya kawaida, poda laini inaziba filta kwa siku moja. Baking soda ya kutoa harufu ya mkojo, hivyohivyo. Na mchanga wa paka ule unaogandiana ukilowa, huo nao utoe kwa fagio na kizoleo.

"Inavuta kila kitu hata mkojo na matapishi"

Kama haijaandikwa ni ya maji na kavu, hapana, hata tone. Maji yanapita kwenye mota yenye umeme. Futa kwa tambara kwanza, acha pakauke.

"Roboti itanimalizia kazi"

Itakusaidia kati ya usafi na usafi kwenye tailizi, haiwezi kuwa peke yake. Na kama una kitoto cha mbwa hakijajua kujisaidia nje usiiache ijiwashe yenyewe wewe uko kazini, ikikutana na kinyesi inakipaka nyumba nzima na ndani ya magurudumu yake, na mimi siipokei mpaka uioshe.

"Ya mtumba ya Japani ni imara, nachomeka tu"

Imara ni kweli. Ila Japani umeme ni volti 100, Marekani 120, na ukutani kwako ni 230. Ukichomeka inanguruma sekunde chache kwa nguvu ambayo hujawahi kuisikia, unasikia harufu ya vanishi imeungua, koili ya mota imekwisha, na kuisuka upya inafika bei ya kununua nyingine. Transfoma ya kushusha volti inawezekana lakini iwe imezidi wati za mashine, ile ndogo ya redio itaungua nayo. Pindua mashine, soma kile kibandiko cha chini kabla hujatoa hela, pakiwa pameandikwa 100V uliza na bei ya transfoma hapohapo.