Kompyuta inapimaje mwendo wa mgonjwa wa Parkinson?

Ukienda kwa daktari wa mishipa ya fahamu na anahisi una Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaovuruga mwendo wa mwili, lazima atakwambia gonganisha kidole gumba na cha shahada mara kumi, fasta, na uvipanue kadiri unavyoweza. Anaangalia kwa macho tu halafu anaandika namba, 0 uko sawa, 4 hali mbaya. Kipimo chenyewe kinaitwa MDS-UPDRS, kimetoka 2008, na ni kizuri tu, ila madaktari wawili wanaweza kumwangalia mgonjwa huyohuyo, mmoja akampa 1 mwenzake akampa 2.

Sasa kupima kwa kompyuta ni yaleyale anayoyaangalia daktari, ila yanasomwa na sensa. Sensa zenyewe si za ajabu, ni hizohizo zilizomo kwenye simu yako zinazofanya skrini igeuke ukiilaza, ndo maana 2015 huko Marekani walianzisha utafiti wa mPower ambao watu walijipima wenyewe nyumbani kwa simu zao za iPhone, wanagonga skrini, wanatembea simu ikiwa mfukoni, wanatoa sauti. Njia nyingine ni video, programu inafuata ncha za vidole na kupima vimeachana kiasi gani kila vinapofunguka.

Wengi wakisikia Parkinson wanawaza kutetemeka tu, na kweli mkono ukiwa umetulia huwa unatetemeka kama mara 4 hadi 6 kwa sekunde, mdundo ambao kompyuta inaudaka kirahisi. Lakini wapo wagonjwa hawatetemeki kabisa. Kinachotafutwa hasa ni mwili kuwa mzito na mwendo kufifia kadiri unavyorudiwa: mara ya kwanza vidole vinafunguka vizuri, ya tano vimepungua, ya nane kama vimegoma. Kwa macho ni rahisi kupitwa na hilo hasa ugonjwa ukiwa mchanga, kwenye grafu unaona kabisa vilima vinazidi kuwa vifupi.

Ila kwa maoni yangu faida kubwa ni muda. Levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ikishaanza kuisha nguvu kabla ya dozi inayofuata, mtu anakakamaa saa nne asubuhi, saa nane mchana akiingia kliniki yuko fiti, daktari ataona nini hapo? Kuna kifaa cha Australia kinaitwa PKG, kama saa ya mkononi, unakivaa siku kadhaa, kinatikisika kukukumbusha dawa, ukimeza unakigusa, mwisho kinatoa chati ya siku nzima, hapa alikuwa mzito, hapa dawa imezidi anajinyonganyonga.

Usidhani lakini kinakwambia una Parkinson au huna, hiyo bado kazi ya daktari. Na kinadanganyika pia, mtu anayepiga mswaki anaweza kuonekana anatetemeka, aliyekaa kimya anaangalia tivii akaonekana mzito, kwa hiyo mgonjwa bado anashauriwa awe na daftari aandike alikuwa anafanya nini saa ngapi.